Lango la Jemadari

Soko la mitumba la Pasua lilikuwa limefurika, jua kali, vumbi hadi kooni. Mwalimu Lukresia, gauni la kitenge cha kijani, miguu ikimuuma, alikuwa akitafuta vazi la tamthilia ya wanafunzi wake. Aliposhika koti jekundu lenye vifungo vya shaba, mkono mwingine ulikuwa umeshashika upande wa pili.

"Dada, hilo nimeliona kwanza," alisema kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi ikapigika.

"La jemadari wangu, kaka. Wewe utalivaa wapi?"

"Jemadari? Mimi mwanajeshi kweli, na sijawahi kupewa zuri hivyo."

Aliitwa Amon, yuko likizo, mtoto wa wakulima wa miwa waliotoka Singida. Alimwachia koti kwa sharti la soda. Wakinywa, Lukresia akamsimulia tamthilia yenyewe: Italia, miaka mia tano na ushee iliyopita, jemadari analinda ngome. Mkewe anarudi jioni, anabisha langoni, hajui neno la siri la siku ile. Jemadari hafungui, na adui anamkuta nje. Amon alisema kisa hicho kinachosha hata kabla ya kuigizwa. Walicheka, wakapeana namba, na mapenzi yakaanza bila kumwomba mtu ruhusa.

Kisha Amon akapelekwa kulinda amani nje ya nchi. Alipiga simu kwa nadra, sauti ikikatika, na swali lake likawa lile lile.

"Umekula, mpenzi?"

"Uko wapi, Amon?"

"Siruhusiwi kusema. Umekula?"

Jovin, mchumba wa zamani wa Lukresia, naye alikuwa "safarini" mpaka alipokutwa Arusha na mke na watoto. Lukresia hakuwa na nguvu za kudanganywa tena. Alikata simu, akaifungia namba.

Miezi ilipita. Ujumbe ukaja kwa namba ngeni: Nimerudi. Nipo Pasua kwa dada yangu Evaline. Nimechoka. Hakujibu.

Siku moja kwenye mazoezi, mwanafunzi wake Pamela aligoma kuendelea. Alitaka kujua kwa nini jemadari hafungui wakati sauti ya mkewe anaijua.

Lukresia alieleza kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Enzi zile miji ya Italia ilipigana yenyewe kwa yenyewe, tena kwa askari wa kukodi. Aliyekulinda msimu huu, msimu ujao analipwa na adui yako. Ngome ziliuzwa kutoka ndani. Aliyeishi hivyo akisikia mke anabisha, anasikia hila.

"Sawa, Mwalimu," Pamela alisema. "Lakini mkewe hakuuza ngome yoyote. Anaadhibiwa kwa makosa ya wengine."

Lukresia alikaa kwenye kiti cha jemadari. Aliona aibu, na mazoezi yakaishia hapo.

Jumapili, baada ya misa, alikata jani la isale kwenye ua wa mama yake huko Mkuu, mlimani, akalifunga fundo kama wafanyavyo kwao. Mkosaji hulipeleka kimya kimya, na aliyepelekewa hakatai kusamehe. Akashuka nalo hadi Pasua.

Amon alifungua mlango. Alikuwa amekonda, fulana imepauka. Akalitazama jani.

"Hii ni mboga?"

Lukresia alikuwa amesahau kwamba huyu si wa mlimani.

"Ni isale. Mchagga akikosa, analeta hili. Hasemi kitu."

"Mimi si Mchagga, Lukresia. Mimi unaniambia."

Kwao hakuwahi kumsikia mtu mzima akiomba msamaha kwa mdomo.

"Nimekufungia lango kwa makosa ya Jovin. Nisamehe."

Amon aliegemea mlango.

"Watanipeleka tena. Na nitakuwa siwezi kusema nilipo. Utaweza?"

"Sitauliza uko wapi."

"Utauliza nini sasa?"

"Kama umekula."

Akalipokea jani, akasogea kando ili Lukresia apite.

"Basi uliza."

"Umekula, Amon?"

"Bado," alisema. "Nilikuwa nakusubiri."