Kiti Kisichosogezwa

"Chui, jungu linachemka. Epua."

Theodora Vukovich, afisa wa usalama aliyejibanza ng'ambo ya barabara, akashusha sauti ya redio yake ya Motorola, akakagua bastola yake ya Glock, akairudisha kiunoni.

Jungu lenyewe lilikuwa kompyuta ya Colleen Petrakis, mwanafunzi wa uzamili wa uchambuzi wa siasa kwa takwimu. Kwa tasnifu yake alikuwa ametengeneza programu ya kubashiri mpiga kura gani atakata tamaa akikutana na kikwazo kidogo tu. Alitaka watu hao wasaidiwe. Majasusi wa nje walikuwa na lao. Leo Pittsburgh ilikuwa inapiga kura. Wakiipata programu kabla ya adhuhuri, wangewatumia watu hao ujumbe kwamba vituo vimefungwa kwa sababu ya theluji, nao wangebaki majumbani.

Mtu waliyemtuma kuiiba alikuwa mmoja wa wanafunzi wawili waliosoma na Colleen, Dominic au Garrett. Wote walijinadi kuwa wazawa wa kilima hicho hicho alikoishi Colleen. Wote Colleen aliwaalika kwake asubuhi hiyo kufuatilia kura.

Yupi sasa?

Dominic alitangulia. Mbele ya nyumba palikuwa na nafasi moja tu ya kuegesha iliyochimbwa theluji, na katikati yake kiti chakavu cha jikoni. Dominic akakitazama, akasonya, akaenda kuegesha kule bondeni. Alirudi kwa miguu akihema na kuilaani baridi.

Garrett akaja na Subaru. Akashuka, akakinyanyua kiti, akakitupa kando, akaegesha.

Theodora nusura acheke.

"Ni Garrett," alisema redioni.

"Ushahidi?"

"Kahamisha kiti."

"Kiti gani tena, dada?"

"Wewe kwenu wapi?"

"Texas."

"Basi niamini. Hapa ukichimba theluji ukaweka kiti, nafasi ni yako. Hata wezi wa magari wanaheshimu."

"Hiyo haitoshi mahakamani. Subiri aiguse programu."

Dirisha la jirani likafunguka kwa kishindo. Bibi Bernice Sobczak alitoa kichwa kilichojaa vibanio vya nywele.

"We mwanaharamu! Mgongo wangu ndio umechimba hapo!"

Garrett hata hakugeuka. Aliingia ndani.

Theodora akasubiri, meno yakigongana. Bibi Bernice akatoka na ndoo ya maji, akaimwagia ile Subaru. Akarudi na nyingine. Na nyingine. Baridi ya siku hiyo ingegandisha mate mdomoni. Theodora aliona yote, akamwacha aendelee.

Mara ukelele ndani ya nyumba ya Colleen.

Akavuka barabara mbio, akaupiga teke mlango. Dominic alikuwa sakafuni, kichwa kinavuja damu. Garrett alikuwa amemkaba Colleen, bastola shavuni, flashi yenye programu mkononi.

"Ukisogea nammaliza!"

Akamburura binti hadi kizingitini, akamsukumia Theodora kwa nguvu, akachomoka.

"Asiondoke nayo!" Colleen alilia. "Dada, nakuomba! Watawazuia watu wangu kupiga kura kwa kazi ya mikono yangu!"

Garrett akaifikia Subaru, akavuta mlango.

Thubutu! Ulikuwa umeganda.

Akavuta tena, mguu ukiwa umekanyaga ubavu wa gari.

Theodora alimkuta katika hali hiyo. Teke moja nyuma ya goti, bastola ikaserereka hadi mtaroni. Akamnyang'anya flashi, pingu zikalia.

"Lafudhi wamekufundisha vizuri," alimwambia. "Adabu, hapana."

"Mgeni!" Bibi Bernice alifoka. "Nilijua tu!"

Redio ikakoroma.

"Chui, kazi safi. Lete programu makao makuu. Nakala zote."

Colleen alikuwa amefika, na alisikia kila neno.

"Na nyie mtaifanyia nini?"

Theodora alimtazama binti, akaitazama flashi, akamwekea kiganjani.

Colleen akaiangusha barabarani, akaikanyaga kwa kisigino mpaka ikasagika. Akaingia ndani, akaifuta na programu ya kwenye kompyuta. Alirudi macho mekundu.

"Na tasnifu?" Theodora akauliza.

"Nitaanza upya. Nitalia kwanza, halafu nitaanza."

"Chui! Programu iko wapi?"

"Imevunjika."

"Imevunjikaje?"

"Barafu. Watu wanateleza sana huku."

Akazima redio. Polisi walipomchukua Garrett, na gari la wagonjwa Dominic, akapandisha kola ya koti, akateremka kilima kwenda kupiga kura.