Kibao cha Njia ya Mjane

Kila Jumamosi ya majira ya baridi, taa ya jikoni kwetu iliwashwa saa kumi na moja alfajiri. Baba yangu, Eloy Archuleta, alikunywa kahawa akiwa wima, akaviringisha chapati mbili za tortila zenye mayai na pilipili za kijani, akazitia ndani ya koti, moja kushoto na moja kulia, eti zimpashe kifua joto hadi saa nne. Mimi nilikaa kiti cha nyuma cha gari, nimebanwa na marundo ya kamba za manjano na vibao. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilijiona naujua ule mlima kuliko aliyeuumba.

Mlima wetu ni mdogo. Una lifti mbili za viti vinavyoning'inia kwenye waya, njia kumi na tisa za kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni juu ya theluji, na mgahawa mmoja ambamo Shangazi Prudencia, dada yake Baba, huwapikia watu wote maharage. Wageni wetu wengi hutoka Texas, jimbo jirani la joto, na sisi watoto wa hapa tuliwacheka bila huruma. Tuliwacheka wanavyoanguka, wanavyovaa miwani juu chini, wanavyouliza theluji hii nani ameileta. Kwamba bila wao mlima ungefungwa na Baba angekosa kazi, hilo hatukulikumbuka.

Baba alikuwa mlinzi wa mlima. Asubuhi, kabla lifti haijabeba mtu, yeye na wenzake walikagua kila njia. Njia iliyo salama iliachwa wazi, na mwanzoni mwake pana alama: duara la kijani kwa wanaojifunza, mraba wa buluu kwa waliozoea, almasi nyeusi kwa mabingwa. Iliyo hatari ilizungushiwa kamba kutoka mti hadi mti, na katikati ya kamba kikaning'inizwa kibao chekundu: PAMEFUNGWA. Ndiyo sheria. Penye njia isiyo na kibao hicho, mgeni ana haki ya kuamini kuwa ni salama. Jioni, lifti zikisimama saa kumi, walinzi walishuka tena njia zote zilizo wazi, polepole, wakiita kati ya miti, "Kuna mtu?" Zilizofungwa hawakuzipita. Kuna haja gani, wakati hakuna aliyeingia?

Sasa nikueleze desturi yetu mbaya. Katika mji wetu kijana hakuhesabiwa kuwa mtu wa mlima mpaka alale chini ya kibao alichokiiba mwenyewe. Wakubwa walijua. Wengine walikuwa navyo kwenye gereji zao tangu ujana, wakavionyesha wageni na kucheka. Rafiki yangu Benicia Vigil alikuwa na vitatu chumbani kwake, vimepangwa vizuri juu ya kitanda.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, saa saba mchana, tulikuwa tumekaa pamoja kwenye kiti cha lifti.

"Delfina, ukuta wako bado mtupu tu?" Benicia akaniuliza.

"Baba yangu ndiye anayevitundika, we."

"Ndiyo nasema. Mtoto wa mlinzi, mwoga kuliko watu wa Texas."

"Mwoga nani?"

"Kwani kuna mwingine kwenye hiki kiti?"

Neno lile lilinichoma, na ujinga wangu ukafanya yaliyobaki. Tuliposhuka kwenye lifti tulikwenda moja kwa moja hadi mwanzo wa njia iitwayo La Viuda, yaani Mjane. Ilikuwa imefungwa wiki nzima, kwa sababu kijito kinachopita chini yake kilikuwa kinaila theluji kwa ndani. Juu palionekana laini kama kitanda kilichotandikwa, na chini palikuwa shimo na maji.

Kamba ilipitishwa kwenye matundu mawili ya kibao, kwa hiyo ilinibidi kufungua fundo upande mmoja. Nikavua glavu, nikalifungua, nikakichomoa kibao na kukificha ndani ya koti. Kufunga tena kukanishinda. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na Benicia alikuwa akininong'oneza, "Haya basi, watu wanakuja!" Niliizungusha kamba mara moja kwenye mti, nikaipachika, nikajiambia imeshika. Nilijua haikushika. Niliondoka hapo nikijua.

Kibao nilikificha jikoni kwa Shangazi, nyuma ya magunia ya maharage. Kisha theluji ikaanza kuanguka, nene, na haikukoma hadi alasiri.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilikuwa saa tatu na nusu tu. Lifti zilikuwa zimeshasimama, na walinzi walikuwa wamemaliza kupita njia zote, mwanamke mmoja alipoingia mgahawani akiwa bado amevaa viatu vya skii, anayumba kama mlevi.

"Mwanangu hajashuka," alisema. "Tate. Tate Kessler. Ana miaka kumi, koti la rangi ya machungwa. Tuliachana juu, akaniambia tukutane chini."

Mkuu wa walinzi, Bi Maes, mama mfupi wa miaka sitini ambaye hata Baba alimwogopa, alitandaza ramani ya mlima mezani. Alimwuliza kila mlinzi njia aliyopita. Kila mmoja akajibu kwamba alipita, aliita, hakukuwa na mtu.

"Na Mjane?" Bi Maes akauliza.

"Nimeifunga mwenyewe asubuhi," Baba akajibu. "Kamba na kibao."

"Basi hayupo huko. Atakuwa amevuka mpaka wa magharibi akaingia msituni. Nendeni wote magharibi. Eloy, wewe baki na redio ya upepo hapa."

Nilisikia kila neno. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jikoni. Benicia alinishika mkono akanivuta ndani.

"Nyamaza," alisema. "Unasikia? Ukisema, baba yako anafukuzwa kazi. Na huyo mtoto huenda yuko kwenye maegesho ya magari anakula chokoleti."

"Na kama hayupo?"

"Wao ni walinzi. Watampata tu."

Nikanyamaza. Ndugu msomaji, nisikufiche, nilinyamaza. Nilitazama saa ya ukutani ikienda, saa kumi na nusu, kumi na dakika arobaini, kumi na dakika hamsini. Nje baridi ilikuwa imeshuka nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, na jua lilikuwa linagusa vilele. Redio ilikoroma kila baada ya muda, sauti zikisema msituni hakuna nyayo, hakuna kitu. Nilimwomba Mungu mtoto apatikane magharibi. Niliomba apatikane popote pale, ila si pale.

Shangazi Prudencia alimpelekea yule mama supu. Hakuigusa.

"Watoto hupenda kuruka kamba, mama," Shangazi alimwambia kwa upole. "Hata wetu ni hivyo hivyo. Atakuwa ameona msitu mzuri, akaingia."

"Hapana," Bi Kessler akajibu. "Wewe humjui Tate. Yeye husoma kila kibao anachokiona, kwa sauti, mpaka anatuchosha. Ameandikiwa usipite, hapiti. Juzi hapa alimkemea baba yake kwa kuegesha gari pasiporuhusiwa. Hajavuka kamba yenu. Nakuapia, hajavuka."

Mtoto anayetii kila kibao angepotelea wapi katika mlima ule, kama si mahali pasipo na kibao?

Niliyasukuma magunia. Nikakitoa kibao chekundu, nikaenda nacho hadi mezani, nikakiweka juu ya ramani, mbele ya Baba.

Baba alikitazama, kisha akanitazama mimi.

"Wapi?" aliuliza.

"Mjane."

"Na kamba?"

"Sikuifunga vizuri, Baba. Itakuwa imeanguka. Theluji imeifunika."

Nilingoja kofi. Baba alifumba macho muda wa pumzi moja, akainua redio. "Walinzi wote, Eloy hapa. Acheni msitu. Nendeni Mjane, kijitoni. Njia ilikuwa wazi. Narudia, ilikuwa wazi." Kisha akavaa koti na kutoka akikimbia kwenda kuchukua pikipiki ya theluji.

Tukabaki kungoja. Sijawahi kungoja vile, na sitaki kungoja vile tena. Bi Maes alishika redio mdomoni. Shangazi alikuwa ameshika rozari, midomo ikicheza. Benicia alilia kwenye kona. Bi Kessler alikuja akakaa mkabala nami, uso kwa uso.

"Umekaa na hicho kitu muda gani?" aliuliza.

"Tangu saa saba."

"Siulizi hivyo. Tangu mimi nilipoingia hapa namlilia mwanangu, ulikaa kimya muda gani?"

Niliitazama saa. "Dakika arobaini."

Hakunitukana. Aligeuza uso akatazama dirishani, ambako hakukuwa na cha kutazama isipokuwa giza linaloingia. Afadhali angenipiga.

Redio ilikoroma. "Tumeona skii moja. Na shimo." Bi Maes aliita mara mbili, hakujibiwa. Kisha ikaja sauti ya Baba, inahema: "Tumempata. Ametumbukia hadi kiunoni, mguu umenaswa chini ya gogo."

"Anapumua?" Bi Maes akauliza.

Bi Kessler alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Anapumua. Leteni blanketi zote mlizo nazo."

Walimshusha kwa machela ya kuteleza. Midomo ilikuwa ya buluu na kiatu kimoja kilibaki majini. Daktari aliyempokea alisema nusu saa zaidi ingetosha kummaliza. Aliishi. Vidole viwili vya mguu wa kushoto havikuishi.

Kesho yake Bi Maes aliniita mimi na Baba ofisini. Aliniambia sitapanda lifti hadi theluji iyeyuke, na kila Jumamosi nitabeba vibao na kamba pamoja na walinzi, kwa miguu. Kisha akamgeukia Baba. "Na sisi tumekosa," alisema. "Tulifunga asubuhi tukasahau hadi kesho. Kuanzia leo kila kamba inakaguliwa saa sita na saa nane. Jukumu ni letu kwanza, hata mwizi awe nani." Habari zikaenea mjini. Benicia alirudisha vibao vyake vitatu bila kusukumwa. Baada yake wakaja watu wazima, wengine na mvi, wakiwa wamekunja vibao vya zamani ndani ya magazeti, hawatutazami usoni. Kufikia Jumatano vilikuwa kumi na vinane.

Siku ya Alhamisi Baba alinipeleka hospitalini. Nilikuwa nimeyakariri maneno ya kuomba radhi njia nzima, na nilipomwona Tate kitandani, mdogo, mguu umefungwa bendeji nyeupe, niliyasahau yote. Nikamwambia tu, "Mimi ndiye niliyekitoa kibao."

Alinitazama. Hakuonekana na hasira. Alionekana kama mtu anayetaka kuelewa jambo.

"Kilikuwa kimeandikwa nini?" akauliza.

"Pamefungwa."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ningegeuka," alisema. "Ningekisoma, halafu ningegeuka tu."

Nililia mbele yake na mbele ya mama yake, nikashindwa kujizuia. Bi Kessler alinipa karatasi ya kufutia uso. Hakusema amenisamehe, nami sikuwa na haki ya kumwuliza.

Ndani ya gari Baba hakuwasha injini. Alikaa ameshika usukani.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Mtu anayekuja mlimani kwetu hajatujua sisi, na mlima hajaujua. Anachokijua ni kile tulichomwandikia. Ulipokitoa kile kibao, hukuacha mahali patupu. Ulimwambia mtoto yule, pita, pako salama. Huo ulikuwa uongo, ingawa hukufungua mdomo. Na ule wa pili ulikuwa mbaya zaidi, zile dakika arobaini. Uliogopa nisije nikapoteza kazi."

"Ndiyo, Baba."

"Kazi nitapata nyingine. Ukikosea tena, na utakosea, maana ni mtu, njoo useme kabla jasho la kosa halijakauka. Kosa likisemwa mapema, watu bado wana muda wa kukimbia."

Akawasha injini. Tulipofika barabara kuu nilimwuliza Jumamosi tutaanza na njia gani.

"Zote," alijibu. "Moja baada ya nyingine."