Mashine ya Mama Nyasi Yaanza Kula Gesi

Watu wa hospitali walimwita Mama Nyasi, na yeye aliitika bila kinyongo. Kazi yake ilikuwa kukata nyasi zote za hospitali ile, kuanzia langoni hadi nyuma ya jiko la wagonjwa. Huu ulikuwa mwaka wake wa saba. Alijua kila shimo, kila jiwe, na kila mahali ambapo mpira wa maji hujificha.

Asubuhi ya Jumatatu aliisukuma mashine yake hadi kwenye uwanja mdogo mbele ya wadi namba tatu. Pale ndipo wagonjwa waliovunjika miguu walipojifunza kutembea upya, kwa sababu ardhi yake ni tambarare na laini. Lakini mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili mfululizo. Nyasi zilifika magotini. Hakuna mtu wa magongo ambaye angeweza kupita.

"Mkamwana!" sauti iliita kutoka dirishani. "Utanikatia njia yangu leo, au nizeekee humu?"

Alikuwa mama mkwe wake. Mama huyo aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji. Daktari alikuwa amemwambia kwamba Alhamisi ataanza kutembea nje.

"Leo leo, mama! Wewe tafuta viatu tu," Mama Nyasi alijibu akicheka.

Akavuta kamba ya kuwashia. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Akavuta tena na tena, mpaka bega likauma. Mara ya tisa ikawaka, ikatema moshi mweusi tii. Upepo ukauzoa moshi wote, ukaupeleka moja kwa moja madirishani. Wadi nzima ikaanza kukohoa.

Muuguzi mkuu alitoka mbio akipunga mikono. "Zima! Zima, tafadhali! Nina mgonjwa wa pumu humu ndani!"

Mama Nyasi akazima. Aibu ilimshika hadi masikioni.

"Nakupenda, na unajua," alisema muuguzi mkuu, akishusha sauti. "Lakini mashine hii siitaki tena karibu na wagonjwa. Itengeneze, ama nitaomba tuletewe mtu mwenye mashine nyingine."

"Nipe hadi Alhamisi, sista."

"Alhamisi asubuhi. Siongezi hata saa moja."

Nyumbani, mumewe alimsikiliza huku akikwangua mdomo wa kabureta kwa sindano. Yeye alikuwa fundi cherehani. Hata hivyo, mtaa mzima ulimwita Injinia, kwa sababu hakuna kitu kibovu alichokiacha bila kukifungua. Kukifungua aliweza. Kukifunga ndiko kulikomshinda.

"Petroli yenyewe imechacha," alisema, akinusa dumu walilozoea kuliweka chini ya meza ya cherehani. "Imekaa mno. Lakini mke wangu, nina wazo!"

Mama Nyasi akashika kichwa. Wazo lililopita lilikuwa la kuunganisha cherehani na injini ya feni, na suruali ya mteja ikatoka na miguu mitatu.

"Gesi!" Injinia alisema, macho yakimng'aa. "Magari yanakula gesi siku hizi. Mbona mashine yetu isile? Mtungi upo jikoni. Nachomeka huku, nafungua, wewe unavuta kamba. Kwisha kazi!"

Alikuwa na haraka kama mtu aliyeitwa harusini. Akabeba mtungi wa jikoni hadi uani. Akakata mpira wake kwa mkasi wa kushonea, akauchomeka kwenye kabureta na kuuzungushia gundi ya karatasi. Kisha akafungua mtungi.

Sssss! Harufu ya gesi ikatanda.

"Haya, vuta!" alisema Injinia.

"Usivute!"

Sauti hiyo ilitoka upande wa pili wa ua. Ilikuwa ya jirani yao, Dada Spana, anayetengeneza magari ya kunyanyulia mizigo ghalani. Aliingia langoni kwa kasi na kufunga mtungi kwanza. Akawasukuma wote wawili hadi barabarani.

"Msiwashe kitu chochote. Taa, kiberiti, hata simu msiiguse. Tusubiri upepo uiondoe."

"Mbona siioni?" aliuliza Injinia, akinyoosha shingo.

"Huwezi kuiona. Na haipandi juu kama moshi. Ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, inaingia kwenye mashimo na mitaro. Cheche moja tu inatosha. Ile kamba ukiivuta, plagi inatoa nini?"

"Cheche," Injinia alijibu polepole. Akapapasa nyusi zake, kana kwamba anahakikisha bado zipo.

Walisubiri mpaka harufu ikaisha kabisa. Mama Nyasi alifikiri hapo ndipo habari ya gesi ilipofia. Lakini Dada Spana aliinama, akaitazama mashine kwa makini, kisha akatabasamu.

"Shemeji, wazo lako ni zuri sana," alisema. "Njia yako ndiyo ingetuua."

Injinia hakujua acheke au alie.

"Yale magari ya ghalani yote yanakula gesi," Dada Spana aliendelea. "Nimesomea kazi hiyo na nina cheti. Injini ndogo kama hii nayo inaweza, ikiwa ni ya aina inayofaa. Niambie, mama, oili yake unaichanganya na petroli?"

"Hapana. Oili ina tundu lake."

"Safi! Ile ya kuchanganya haifai. Gesi haibebi oili, kwa hiyo injini ingekauka na kukwama. Hii yako inafaa."

Mama Nyasi akamsogelea. "Inawezekana kabla ya Alhamisi?"

"Kesho jioni nikitoka kazini. Duka la vipuri jirani na ghala letu lina vifaa vya injini ndogo, nitavipitia. Lakini wewe kwanza safisha chujio la hewa na ubadilishe oili. Gesi haitibu uchafu."

Siku ya pili Mama Nyasi hakukaa chini. Chujio la hewa lilipofunguliwa lilikuwa jeusi kama sufuria, limejaa vumbi na mabua. "Kumbe ndiyo maana ilikuwa inatema moshi!" alisema. Akanunua jipya. Oili aliyomwaga ilikuwa nzito kama uji ulioungua.

Jioni Dada Spana alifika na sanduku la vifaa. Kazi ilifanyika uani, mbali na jiko. Kwanza alitoa petroli yote kwenye tangi, akaitia kwenye dumu lenye kifuniko ili aipeleke gereji, wanakojua kuitupa. Akaondoa bomba la petroli na kuziba tundu lake kwenye kabureta.

"Injini inatakiwa kula chakula kimoja tu," alisema.

Kisha akachukua kisahani cha chuma chenye tundu katikati. Alikifunga kati ya kabureta na chujio la hewa. "Hapa ndipo gesi inapochanganyika na hewa," alieleza. Halafu akatoa kitu cha mviringo, kama kopo bapa. "Na hii ndiyo regulata ya injini, kidhibiti cha gesi. Jana, shemeji, hukuwa nayo."

"Si ipo ya jikoni?"

"Ile ya jikoni haijui kama injini imezima. Inaendelea kumwaga tu. Hii ina kiwambo cha mpira ndani. Injini ikivuta pumzi, kiwambo kinafunguka, gesi inapita. Injini ikizima, kinajifunga."

"Kama mtoto anyonyaye," alisema Mama Nyasi. "Asipovuta, hakuna kinachotoka."

"Hasa! Wewe ndiye mwanafunzi wangu."

Mtungi mdogo aliokuja nao ulifungwa wima kwenye fremu kwa mkanda wa chuma, mbali na bomba la moshi. Injinia alitaka ulazwe ili upendeze. Dada Spana akakataa katakata. Mtungi ukilala, alisema, kinachotoka ni gesi yenyewe ikiwa bado majimaji, ile iliyo chini, badala ya mvuke wa juu. Gesi hiyo ya majimaji ikiingia kwenye mpira ni hatari. Na mpira nao lazima uwe wa gesi. Wa maji au wa petroli haufai.

Hatimaye kila kitu kilikuwa mahali pake. Injinia alishika kamba, lakini Dada Spana akampiga mkono kidogo.

"Bado. Leteni maji ya sabuni."

Akafungua mtungi polepole. Mama Nyasi akapaka povu kwa brashi kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Kwenye kiungo cha tatu povu likaanza kuvimba. Kipovu kimoja, viwili, vitatu.

"Angalieni! Angalieni!" alipiga kelele. "Inatoa!"

"Umeiona kabla haijakuona," alisema Dada Spana. Akafunga mtungi, akafungua kiungo hicho na kukifunga upya. Wakapaka tena. Povu likatulia tuli.

"Sasa bonyeza kitufe hiki cha regulata sekunde moja tu, gesi ifike kwenye injini. Kisha vuta."

Mama Nyasi alivuta. Mashine ikashtuka, ikanyamaza. Akavuta mara ya pili.

Ikawaka!

Ilinguruma laini, bila kukohoa, bila kutema kitu. Dada Spana aligeuza skrubu moja kidogo kidogo mpaka mngurumo ukanyooka. Injinia alirukaruka akapiga ndoo teke. Majirani walichungulia juu ya ua. Mama Nyasi alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Moshi uko wapi?" aliuliza. "Jamani, moshi uko wapi?"

"Usioonekana bado upo," Dada Spana alimwonya, ingawa naye alikuwa akitabasamu. "Ni mchache, lakini unaua. Usiiwashe ndani ya chumba hata siku moja. Na kuzima, anza na mtungi. Injini itamaliza gesi iliyobaki kwenye mpira, itajizima yenyewe. Ukimaliza kazi, toa mtungi. Uweke nje, kivulini, wima, penye hewa. Ukitaka kulala nao chumbani, mimi sikujui."

Alhamisi asubuhi Mama Nyasi alikuwa uwanjani kabla umande haujakauka. Ilimbidi asubiri, maana nyasi zilizolowa hugandamana kwenye kisu. Jua lilipopanda, muuguzi mkuu alitoka na kusimama kibarazani, mikono kifuani. Nyuma yake madirisha yote ya wadi yalikuwa yamefungwa.

Mama Nyasi akafungua mtungi. Akabonyeza kitufe. Akavuta mara moja.

Mashine ikaitika. Muuguzi mkuu alisubiri moshi, akausubiri zaidi. Mama Nyasi alikata mstari wa kwanza, akageuka, akakata wa pili. Nyasi ziliruka upande kama mvua ya kijani. Muuguzi mkuu alishuka ngazi, akanusa hewa, akanusa tena.

"Umeifanyia nini?" aliuliza.

"Imebadili chakula, sista!"

Muuguzi mkuu akaangua kicheko. Akaenda mwenyewe kufungua madirisha.

Saa nne uwanja ulikuwa kama zulia. Mama mkwe alitolewa nje akiwa na magongo yake, na muuguzi mkuu pembeni. Aliweka mguu wa kwanza kwenye nyasi kama mtu anayejaribu maji ya moto. Mama Nyasi alizima mashine.

Hatua moja. Mbili. Kwenye ya tano mama mkwe aliyumba, muuguzi akanyoosha mkono.

"Niache!" mama mkwe alisema. "Nyumba yangu iko mbali kuliko hapa."

Alifika hatua ya kumi na moja. Wadi nzima ilipiga makofi kutoka madirishani, na mama mkwe, akitweta, akamgeukia mkamwana wake. "Kesho nataka ishirini. Uzikate fupi zaidi."

Tangu siku hiyo Mama Nyasi alishika utaratibu. Kila asubuhi alipaka povu kwenye viungo kabla ya kuwasha. Kila alipotaka kugusa kisu, kwanza alichomoa waya wa plagi. Akitaka kuilaza mashine ili aisafishe, mtungi aliutoa. Chujio la hewa alilikung'uta kila wiki. Oili aliibadilisha kwa wakati hata ilipoonekana safi, kwa kuwa Dada Spana alimwambia kwamba oili huchoka hata kama haijawa nyeusi. Dumu la petroli liliondoka chini ya meza, na nguo za wateja zikaacha kunuka.

Mwezi wa tatu tangu hapo, asubuhi moja, povu lilivimba. Safari hii halikuwa kwenye kiungo. Lilikuwa katikati ya mpira, mahali ulipogusana na fremu. Kulikuwa na ufa mdogo kama unywele.

Mama Nyasi hakupiga kelele. Alifunga mtungi, akautoa, akauweka mbali kwenye hewa. Akamwambia muuguzi mkuu kwamba nyasi zitasubiri hadi mchana. Akaenda dukani, akanunua mpira wa aina ileile na klipu mpya, akampigia simu Dada Spana aje kuufunga.

Dada Spana alipofika hospitalini alikuta mpira wa zamani umeshakatwa vipande viwili ili asije mtu akautumia. Mahali uliposuguana na fremu palikuwa pamefungwa kipande cha raba. Mpya ulikuwa mezani, na bakuli la povu pembeni. Aliufunga kwa dakika chache. Mama Nyasi akapaka povu mwenyewe, kiungo kwa kiungo, akiwa amepiga magoti. Povu halikuvimba hata kwenye kimoja.

Dada Spana alikagua plagi: safi. Chujio: safi. Kisu: kimenolewa. Alizunguka mashine mara mbili akitafuta cha kurekebisha, asikione.

"Sasa miye nilikuja kufanya nini?" aliuliza.

"Kunywa chai, dada," alisema Mama Nyasi, akinyoosha mgongo. "Kaa hapo kivulini uniangalie nikikata."