Unga wa Vigae

Kila alfajiri mfinyanzi aliamshwa na kikohozi cha bintiye. Kilitoka jikoni, kikavu, kama mtu anayegonga mlango uliofungwa. Mfinyanzi alikijua. Marehemu mkewe alianza hivyo hivyo.

"Toka nje kidogo, mwanangu. Upumue."

"Chai ataichemsha nani, baba? Wale wakubwa wa picha?"

Hapo alimgusa penyewe. Wakubwa walikuja kweli, mkewe akiwa hai. Walipiga picha mafiga na ukuta mweusi kwa masizi. Waliahidi majiko. Wakayeyuka kama chumvi. Tangu msiba ule mfinyanzi aliapa kutengeneza jiko mwenyewe, la kuni chache na moshi kidogo. Lakini kila jiko lilipasuka mdomoni, pale moto unapolamba zaidi. Naye kila mara alilizika nyuma ya nyumba, watu wasione.

Watu waliona.

"Mzee Vigae!" jirani yake, fundi cherehani, alimwita juu ya ua. "Leo tunazika nani?"

"Shona nguo zako! Suruali yangu ina mguu mmoja mrefu."

"Suruali haina kosa. Wewe ndiye umepinda kwa kuchimba makaburi!"

Siku moja alikuja mtafiti wa nishati, mwanamke mwenye viatu vya vumbi. Mfinyanzi hakumpa kiti.

"Umeleta kamera?"

"Hapana, mzee wangu. Nimekuja kuomba vigae vyako."

Mfinyanzi alidhani naye anamtania. "Siri ya mtungi aijuaye ni kata," alijibu.

"Na kata ikivunjika, siri inabaki na nani?" Mtafiti aliketi chini, kwenye vumbi. "Sisi tuko wengi, katika nchi mbalimbali. Mmoja anapima moshi. Mwingine anapima joto. Wengine ni wafinyanzi kama wewe, na wengine ni akina mama wanaopika. Jiko likipasuka, tunaambiana. Kupasuka si aibu, ni habari. Wewe unafukia habari. Na mwenzio ng'ambo ya bahari anapasua jiko lile lile, naye anafukia."

Mfinyanzi alitaka kujibu. Kikohozi kikasikika jikoni. Akachukua jembe, akafukua vigae vichache.

"Haya, beba na udongo wangu. Lakini ukipotea kama wale, usinikanyagie tena hapa."

Mtafiti hakupotea. Alirudi na chekeche na jibu.

"Udongo wako ni laini mno. Moto ukiupata, hauna pa kupumulia. Wafinyanzi wenzetu wa mbali husaga vigae, wakachanganya na udongo. Maabara yetu imejaribu kwa udongo wako. Mabakuli matatu ya udongo, bakuli moja la unga wa vigae. Kausha kivulini, usianike juani."

Mfinyanzi alishika kiuno. "Yaani dawa nimeizika mwenyewe?"

"Na kaburi unalijua!" fundi cherehani alidakia kutoka uani.

Wakafukua, wakasaga, wakachekecha. Mfinyanzi naye aliongeza lake: alisugua mdomo wa jiko kwa kokoto laini, ufa usipate pa kuanzia. Mtafiti akawaeleza wenzake wa nchi nyingine. Nao wakajaribu, wakasema kweli, inafaa.

Jiko lilipokauka na kuchomwa, binti alitia kuni kavu, zilizopasuliwa nyembamba. Alifungua dirisha. Akawasha. Mfinyanzi alitega sikio, akingoja ule mlio wa "ta!" anaoujua. Maji yakachemka. Jiko kimya.

"Baba, pumua," binti alisema akicheka. "Si lako la kupasuka hili."

Mtafiti alimhimiza binti aende zahanati pia, maana kifua kilichozoea moshi hakiponi kwa jiko peke yake. Akaenda, akapewa dawa.

Majiko yakaanza kutoka kwa mfinyanzi. Simu ikaja kutoka kwa mfinyanzi wa mbali: wenzake huko wanauliza, jiko hili linaitwaje? Mzee alichukua msumari. Kwenye udongo mbichi akaandika: VIGAE.

"Mzee Vigae," fundi cherehani aliita, kwa adabu safari hii, "mke wangu naye anataka moja."

"Rekebisha kwanza suruali yangu, miguu iwe sawa."

Kesho yake jua lilimkuta mfinyanzi kitandani. Harufu ya chai ilikuwa imejaa nyumba. Alfajiri ilikuwa imepita, na hakuna kilichomwamsha.