Kijiti Chenye Kitambaa Chekundu

Jirani zangu, habari hii mmeisikia nusu nusu kwenye foleni ya maji na kwa kinyozi. Leo nawapa nzima, na anayetaka kuondoka katikati aondoke.

Asubuhi ile ilikuwa tulivu. Gari la kukodi lilitushusha pale barabara inapokwisha, tukatembea saa nzima hadi ufukwe usio na nyumba wala mtu. Tulikuwa wanne: baba, mwalimu wa hesabu anayeogopwa na shule nzima; mama; mimi; na shangazi, dada yake baba, fundi viatu ambaye wateja walimwita Gundi kwa sababu vidole vyake vilinuka kazi yake hata siku ya mapumziko.

Bahari ilikuwa imekupwa. Ulimi wa mawe ulitoka ufukweni hadi kwenye mwamba mkubwa, na nyuma ya mwamba kulikuwa na mapango. Katikati ya ulimi huo palikuwa na mfereji, na maji yakianza kurudi, hapo ndipo hujaa kwanza. Shangazi, aliyevua kwa mshipi tangu usichana wake, alichomeka kijiti mchangani akakifunga kitambaa chekundu.

"Maji yakigusa kijiti hiki, mfereji unafika magotini," alisema. "Hapo filimbi inalia na kila mtu anarudi, hata kama umenasa nyangumi. Kaka, filimbi unayo?"

Baba alitoa filimbi yake ya shule akaivaa shingoni. "Mimi nachunga watoto mia nane, nitashindwa na kijiti?"

Tulicheka. Shangazi alicheka kuliko sote, kwa sababu yeye hakujua.

Kando ya baba palikuwa na chupa ya chai yenye kifuniko cha buluu. Nyumbani kwetu hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Ndani hamkuwa na chai. Mama alikuwa amemwapia shangazi kwamba kaka yake huu ni mwaka wa tatu hajaonja pombe. Mimi, walimu wenzake wakiniuliza, nilisema ana malaria. Baba yangu ameugua malaria nyingi kuliko mbu waliopo mtaani kwetu.

Mimi na shangazi tulivua juu ya mwamba hadi jua likapita utosi. Alinionyesha jinsi ya kuuacha mshipi upite juu ya kidole cha shahada ili kidole kisikie samaki kabla ya jicho kumwona. Nikakosa watatu.

"Wewe unawalisha, huwavui," alinitania. "Siku nyingine uwaletee na kachumbari."

Wa nne nilimpata. Shangazi aliruka juu ya mwamba kama mtoto, akanikabidhi kapu. "Nenda ukawatoe matumbo, binti yangu. Mimi nachungulia yale mapango, nasikia yana kome wakubwa."

"Shangazi, maji yasije yakakukuta huko."

"Kaka yangu ana macho na ana filimbi. Nina wasiwasi gani?"

Nilivuka mfereji ukiwa bado mkavu. Ufukweni nilimkuta baba amelala chali, mdomo wazi, kifuniko cha buluu kimeviringika mbali. Nikainama kwenye samaki wangu. Nilishazoea kutoona.

Nilipoinua kichwa, maji yalikuwa yamekizunguka kijiti. Wakati huohuo mama alitokea na mzigo wa kuni. Aliangalia kijiti, akamwangalia baba, akaangusha kuni. Nilidhani anakimbilia filimbi. Alikimbilia kijiti. Alikichomoa, akapanda nacho hatua sita, akakichomeka kwenye mchanga mkavu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nyamaza. Wifi akigeuka akaona maji yamepita na filimbi haijalia, atajua. Namwamsha sasa hivi, apige mwenyewe."

"Basi nipe mimi nipige!"

"Ngoja kwanza harufu imtoke mdomoni!"

Akamnawisha uso. Akamtilia pipi ya mnanaa mdomoni. Akamfunga vifungo vya shati. Na mimi, niliyekuwa na miguu na sauti, nikasimama na kisu cha samaki mkononi, nikingoja baba yangu anukie vizuri.

Kule mbali shangazi alitokea kwenye pembe ya mwamba. Aligeuka kuangalia ufukweni. Akaona kitambaa chekundu juu ya mchanga mkavu. Akaniinulia kidole gumba, akarudi mapangoni.

Kidole gumba hicho nakiona kila ninapofumba macho.

Filimbi ilipolia, muda mrefu baadaye, mfereji ulikuwa na kina cha mtu mzima na mawimbi yalikuwa yanapasukia mawe. Shangazi alijaribu kuvuka. Nilipiga kelele arudi juu, lakini upepo ulizirudisha kelele zangu kwangu. Wimbi la kwanza lilimpiga kwenye mwamba. La pili sikuona limempeleka wapi. Tulimpata kesho yake.

Msibani baba alisimama, macho mekundu, na kila mtu akadhani ni kilio. "Dada yangu alikuwa mbishi," alisema. "Nilipiga filimbi, hakusikia."

Hapo ndipo nilipoinuka. Nikawaeleza kama nilivyowaeleza nyinyi sasa: chupa, kijiti, pipi ya mnanaa, na mimi na kisu changu. Mama alinifuata jikoni akanizaba kofi. "Umemvua nguo baba yako mbele ya watu!"

"Wewe ulimvisha, mama. Ulifunga kila kifungo."

FUNZO

Ndugu zangu, mlevi hunywa peke yake, lakini ulevi hulindwa na ukoo mzima. Kila anayesema "amechoka tu", kila anayebeba barua ya uongo kazini, kila anayesafisha matapishi kabla wageni hawajafika, anasogeza kijiti. Na huko mbele yupo mtu asiyejua lolote, anayekitazama kijiti hicho na kukiamini. Mwambieni ukweli akiwa hai. Mlevi mpelekeni apate msaada wakati bado kuna wa kumwokoa, yeye na waliomzunguka. Heshima inayohitaji pipi ya mnanaa si heshima.

Baba mdogo alikuja jana. Wazee wamekaa, wameamua Jumapili niwapigie magoti wazazi wangu kwa kuianika familia. Wakati anasema hayo, mezani kulikuwa na chupa mpya ya chai. Kifuniko chake ni cha kijani.

Kwa shangazi nimeomba msamaha, na nitaendelea kuomba hadi nife. Hao wengine siwaombi. Siombi leo, siombi Jumapili, siombi.