Honi Tatu za Kivuko

Gati la bwawa lilikuwa limefurika abiria, wavuvi na ndoo za samaki, na katikati yao alikuwa amesimama jamaa waliyembandika jina la Kofia, mkodishaji wa boti za starehe zenye umbo la bata. Kofia nyeupe ya unahodha, shati la pasi, miwani ya jua. Nahodha wa kivuko, dada wa ovaroli yenye madoa ya grisi, alimtupia jicho mara moja akamdharau. Nahodha gani huyo, hata boya la kwanza hajawahi kulivuka.

"Dada nahodha, umependeza."

"Sogea, umekanyaga kamba."

Akapanda, akapiga honi tatu fupi, kivuko kikatoka kinyumenyume. Kofia akapunga mkono. Kesho yake vilevile, na wiki nzima ikawa hivyo. Kumbe jamaa anawatangazia wavuvi kwamba anapigiwa honi za mapenzi. Maneno yakazagaa mpaka mama yake nahodha akapiga simu.

"Mwanangu, nasikia umepata mchumba wa mabata?"

Nahodha akamfuata Kofia kwenye kibanda chake cha mabata, mbele ya wateja.

"Honi tatu ni narudi nyuma. Naonya watu wasije wakasagwa na pangaboi. Hilo ndilo penzi lako?"

"Mimi nilidhani..."

"Ulidhani. Kofia kubwa, ndani hamna kitu."

Siku kumi kibanda kikabaki na kufuli. Afadhali, alijisemea nahodha. Lakini kila akipiga honi, macho yalikwenda yenyewe kuutafuta ule mkono. Alimkumbuka, na kumkumbuka mtu wa namna ile kulimtia aibu. Ndipo simu ikalia.

"Ni mimi, wa mabata."

"Umepotelea wapi, wewe?"

"Chuo cha unahodha. Nasomea honi."

Alirudi Jumatatu, kijitabu mkononi. "Tatu, narudi nyuma. Mbili, nageuka kushoto. Moja, nageuka kulia."

"Hata kasuku anakariri."

"Basi kasuku anataka kukuoa, mpenzi."

Nahodha akapanda kivukoni. Honi tatu, kikatoka kinyumenyume. Ng'ambo wanakokwenda abiria ilikuwa kushoto, kwa hiyo Kofia akainamisha kichwa akingoja zile mbili za kila siku.

Ikalia moja.

Abiria wakaguna. Kivuko kizima kilikuwa kinageuka kulia, kuelekea kwenye mabata, aliposimama Kofia. Nahodha akachungulia dirishani.

"Mama anataka kukuona Jumapili. Na hiyo kofia uiache nyumbani."