Mkeka wa Ng'ambo ya Mtaro

Kila alasiri ya Ramadhani, Najat alikaa juu ya mbuzi uani kwao Tandika akakuna nazi ya futari. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya watu wawili. Najat alikuna, rafiki yake Lulu akashika kifumbu na kukamua tui, na midomo yao haikupumzika. Sasa Najat, aliyekuwa darasa la sita, alikuna peke yake na kukamua peke yake, uani kimya.

Lulu hakuwa amehama. Nyumba yao ilionekana pale pale, ng'ambo ya mtaro wa maji ya mvua. Lakini mwaka ule wa 1993 mtaro ulikuwa umegeuka mpaka. Vijana wa upande wa kina Najat walijiita Wana Bondeni, na wa upande wa kina Lulu wakajiita Wana Juu. Waligombana kwenye banda la video kwa jambo la kipuuzi, nani akae benchi la mbele, na tangu hapo wakawa wanawindana kwa minyororo ya baiskeli. Watu wazima walisema, "Utoto tu huo." Utoto gani wa kutembea na spoku iliyonolewa! Watoto wakakatazwa kuvuka, na sahani za futari, ambazo miaka yote zilikwenda na kurudi juu ya mtaro ule, zikakoma.

Kisha, mwanzoni mwa mfungo, Badru, kaka yake Najat, akachomwa spoku ubavuni akipita karibu na bomba la maji. Aliponea chupuchupu. Mama akawa anashinda hospitali kumuuguza, na Najat akawa anafuturu na redio.

Siku iliyofuata, Sadallah, kiongozi wa Wana Bondeni, alikuja na wenzake wakakaa barazani.

"Mdogo wetu, ulikuwa bombani jioni ile," alisema. "Ulimwona nani?"

Kwa kweli Najat aliona mgongo tu wa mtu anayekimbia, na koti la kijani lenye mstari mweupe. Uso hakuuona. Lakini Twalib, kaka yake Lulu, alikuwa na koti kama lile. Najat akawatazama vijana wale walioijaza baraza iliyokuwa tupu, wote wakimsubiri yeye aseme.

"Twalib," alisema. "Nilimwona kwa macho yangu."

Loo, walivyomzunguka! Wakamwita dada yetu, wakamletea maembe, na kila jioni mmoja wao akapita kumjulia hali. Najat alijua amesema uongo, lakini upweke una njaa yake, naye aliyelishwa hakutaka kuulizwa chakula kimetoka wapi. Tena Twalib alikuwa ameondoka asubuhi ile kwenda Kunduchi kwa mjomba wake, mchuuzi wa samaki. Najat alijiambia kwamba uongo wake haungemfikia mtu aliye mbali hivyo.

Mambo yalibadilika siku alipokwenda sokoni kununua vitunguu. Alipita kwenye mitumba, akasimama ghafla. Muuzaji aliyeitwa Kornelio alikuwa ametundika safu nzima ya makoti ya kijani yenye mstari mweupe, kama sare za shule.

"Kaka, haya yote yanafanana?"

"Robota zima limekuja hivi, mdogo wangu. Na mengine nilishauza mwezi uliopita, nusu ya Temeke wanayavaa. Nikuchagulie lako?"

Vitunguu vikasahaulika. Najat alirudi nyumbani mbio, akamkuta Sadallah barazani.

"Twalib karudi," Sadallah alisema. "Leo tunamlipa. Adhana ya magharibi ikilia tu, atakuwa mkekani na tonge mkononi. Hana pa kukimbilia."

"Braza, mie sikumwona uso. Niliona koti tu, na makoti yale yamejaa sokoni!"

"Ushaanza woga. Si ulisema umemwona kwa macho yako? Neno likishatoka limetoka." Akainuka akaenda zake.

Mama alikuwa hospitali. Mjumbe wa mtaa alikuwa amekwenda mazikoni Chanika. Najat alizunguka uani akilia, maana hakukuwa na mtu wa kumwambia, na jua lilikuwa linakuchwa. Hatimaye akapakua mihogo ya nazi kwenye sahani, akaifunika kwa kawa, akavuka mtaro.

Lulu alikuwa mlangoni kwao na birika. "Umefuata nini huku?"

Najat alimpita. Wanaume walikuwa wameketi nje kwenye mkeka wao, kama ilivyo desturi, na wanawake walikuwa ndani. Hakuna msichana wa mtaa ule asiyejua hilo. Najat alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka wa wanaume, akatua sahani, akakaa kando ya Twalib, bega kwa bega.

Mzee Mwinshehe, babake Lulu, alibaki na tende mkononi. "Binti, wenzako wako ndani."

"Shikamoo, baba. Najua. Lakini nikiondoka watampiga Twalib. Nimemsingizia."

Hata hajamaliza, Sadallah na wenzake wawili wakatokeza pembeni mwa nyumba. Mkono wa Sadallah ulikuwa mfukoni, na ncha ya mnyororo ilining'inia nje. Adhana ikaanza kulia.

"Najat, toka hapo!"

"Sitoki! Nilidanganya. Niliona koti, sikuona mtu. Mkitaka wa kumlipa, nilipeni mie!"

Twalib alimgeukia kwa mshangao. Mzee Mwinshehe aliuona mnyororo, lakini hakupiga kelele. Aliinua sahani ya tende.

"Karibuni futari, wanangu. Adhana imelia. Hapa kwangu hapiti mtu na njaa."

Kijana aliyefunga kutwa ataikataaje tende? Yule mdogo kuliko wote aliitazama mihogo, akamtazama Sadallah, akaitazama tena mihogo, akakaa. Wa pili akamfuata. Sadallah alibaki amesimama peke yake. Alimtazama Najat kwa chuki, kisha akapokea tende moja, akaila wima na kuondoka. Mnyororo haukutoka mfukoni.

Kesho yake Mzee Mwinshehe alikwenda na Najat hospitali. Badru aliposikia habari alisema hata yeye hakumwona aliyemchoma, na akatuma neno kwa Sadallah kwamba hataki mtu alipiziwe kisasi kwa ajili yake. Wazee wa pande zote mbili wakakutana, banda la video likafungwa. Baadaye polisi walimkamata mwenye koti lile: mporaji wa mtaa mwingine kabisa.

Mama aliposikia yote alimshika Najat mkono.

"Mwanangu, jicho lako liliona koti. Ulimi wako ndio uliotia mtu ndani yake. Ukiulizwa, sema ulichokiona na uishie hapo, hata kama watu watakukimbia. Upweke unauma, najua, na mie ndiye niliyekuachia. Lakini upweke hupona. Mtu akiuawa kwa neno lako, hilo haliponi."

Wana Bondeni hawakupita tena kumjulia hali. Shuleni Lulu alimpita bila kumsemesha. Najat aliendelea kukuna nazi peke yake, na mara nyingine machozi yalimdondoka, lakini usiku alilala.

Mwezi ulipokaribia kuandama, mtu alibisha hodi uani. Alikuwa Lulu, na sahani ya kina Najat mkononi, ile ya mihogo. Sahani ya jirani hairudi tupu, nayo ilikuwa imejaa kalimati.

"Mama kasema nilete," Lulu alisema.

Akaiweka chini, lakini hakuondoka. Alichungulia ndani ya bakuli la nazi, akakunja uso.

"Umekuna mpaka kwenye kifuu," alisema. "Tui litakuwa jeusi hili."

Akavuta kibao, akakaa, akachukua kifumbu.